Tuzo yenye jina la mama aliyechelewa kuajiriwa

Asanteni, asanteni, wale wa nyuma sogeeni basi, viti vya mbele havina mwenyewe. Nimeombwa niongee kuhusu tuzo wanazopewa wanawake na wale walio wachache, weusi, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) na wengineo, kwenye usomi wa mambo ya jinai, na kwa vile Marekani ndo zimejaa, nitakaa hukohuko, ya kwetu tutayaongea chai ikifika.

Naanza na jina moja, Ruth Shonle Cavan. Huyu mama alichukua PhD Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1926, enzi ambazo kwenye sosholojia Chicago ndo ilikuwa yenyewe, halafu karibu miaka 20 yupo yupo tu na kazi za utafiti, huku mradi, kule kitabu, mpaka miaka ya 1940 inaelekea kuisha ndo anapata kazi ya kueleweka ya kufundisha, tena chuo kidogo kule Rockford, jimbo la Illinois. Sasa chama cha wanakriminolojia, yaani wasomi wa uhalifu, wa Marekani, ASC, kina tuzo ya wasomi wanaochipukia, sharti usiwe umezidi miaka mitano tangu upate PhD, na tuzo hiyo inaitwa Ruth Shonle Cavan. Miaka mitano jamani! Yeye kwenye mitano yake hata sijui hicho cheti angekitundika ukuta gani.

Hicho chama kilianza 1941. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wake, Joan McCord, 1989. Mwanamke mweusi wa kwanza, Ruth Peterson, 2016. Hesabu mnajua kupiga wenyewe.

Ndo maana wanawake wakaanzisha kitengo chao ndani ya chama mwaka 1984, baadaye weusi na wenzao nao wakawa na chao, na kila kitengo kikaanza kutoa tuzo zake. Kuna watu wanaziona ni tuzo za uani, kwamba wakubwa wanapewa ukumbini na nyie mnagawiana jikoni. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, sifichi. Kilichonibadilisha ni faili la mwenzangu mmoja, chuo sikitaji, alikuwa anaomba kupanda cheo na alishapata tuzo ya utafiti kutoka kitengo cha wanawake, kamati ikaichukua ile tuzo ikaiweka kwenye safu ya "huduma kwa jamii", pale pamoja na kuhudhuria vikao na kupanda miti. Utafiti wa miaka sita, umekaa na miti! Hapo nikaelewa shida haikuwa tuzo, shida ni nani anaisoma.

Na wale ambao hizi tuzo zimepewa majina yao hawakuwa watu wa kubembelezwa. Chukua Coramae Richey Mann, kile kitengo cha weusi na wenzao kina tuzo yenye jina lake. Kazaliwa 1931, PhD kaipata 1976, ana miaka arobaini na kitu, mwanamke mweusi. Mwaka 1987 akatokea William Wilbanks akaandika kwamba kusema mfumo wa jinai wa Marekani ni wa kibaguzi ni hadithi tu, ukiangalia takwimu huoni huo ubaguzi. Mama akamjibu, wakabishana hadharani, na 1993 akatoa kitabu kizima. Hoja yake kwa ufupi: hizo takwimu hazibebi kila kitu, kawaulize na waliopitia mikononi mwa polisi na mahakama. Mnaweza kumpinga, ila huwezi kusema tuzo imepewa jina lake kwa huruma.

Sasa nije kwenye pesa, maana ngao hailipi kodi ya nyumba. Kuna ufadhili wa wanafunzi wa PhD unaoitwa Ruth D. Peterson, zamani uliitwa tu wa wachache, na kwangu huo ni bora kuliko ngao kumi, unamkuta mtu bado yuko njiani. Ngao nyingi zinakukuta umeshafika na magoti yanauma.

Ila huo ufadhili nao tuupime, na kipimo anatupa McCord huyohuyo. Karibu na Boston kule, mwaka 1939, kwenye mradi wa kuzuia vijana wasiingie kwenye uhalifu, wavulana waligawanywa, wapo 506, nusu wakapewa washauri, wakasaidiwa masomo, wakapelekwa kambi, nusu wakaachwa. Yeye akawafuatilia miaka 30 na zaidi baadaye, akakuta waliosaidiwa ndo walioishia vibaya kwenye mambo kadhaa, pombe, kurudia makosa, hata kufa mapema. Basi na sisi tukimpa mtu tuzo tumfuatilie, miaka kumi baadaye yuko wapi, ana ajira ya kudumu au ana picha ya jukwaani tu?

La mwisho, hizi tuzo hazikujii kitandani. Lazima mtu akupendekeze, akuandikie barua, akusanye sivii yako, awahi dedilaini, na wanawake wengi wanasubiri waonekane wakati mwenzao wa kiume kashamwambia profesa wake "nipendekeze". Yule mwenzangu wa miti nimeshamwandikia barua tatu, kamati tatu tofauti, mbili kimya, ya tatu nimeituma juzi saa sita usiku kasoro dakika nne. Haya, chai naiona inaingia, nani ana swali?