Kabla Hujapiga Windo, Iulize Diski Kwanza

Haya jamani tuanze, wanaoingia waingie tu, hapa mbele viti vipo. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Nimeambiwa mada ni kupiga windo upya, yaani kuweka Windows upya, kwenye mashine ambayo hadidiski yake imekorapti, na nimeona wengi mmekuja na flashi zenu mfukoni mko tayari kabisa, sasa naomba zikae hukohuko mfukoni kwanza. Ntawaudhi kidogo lakini nisameheni, kupiga windo sio ufundi. Mtoto wa form two ukimpa flashi yenye Windows na akajua kubonyeza Next Next anapiga, na kama ni SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, inamaliza kabla hujaenda kununua vocha na kurudi. Ufundi wenyewe uko kabla ya hapo, kwenye kujua kwa nini mashine imegoma, na ndani yake kuna nini ambacho mwenye mashine hawezi kukipata tena popote.

Mteja akija anasema neno moja, fundi haiwaki. Sasa haiwaki ya mteja ina maana kumi. Kuna haiwaki ya kweli, taa hakuna feni haizunguki, hiyo achana nayo leo, ni umeme na bodi. Kuna inayowaka ikafika kwenye maandishi meupe ya No bootable device, kuna inayosema Operating system not found, kuna inayoleta skrini ya bluu yenye UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME au INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kuna inayozunguka na vile vidoti vya Windows mpaka unachoka, na kuna ile mbaya, A disk read error occurred. Usiseme zote ni sawa ukachomeka flashi. Ile INACCESSIBLE kwa mfano mara nyingine mtu ameingia tu kwenye bayosi, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, akabadilisha modi ya SATA, yaani namna mashine inavyoongea na diski, kutoka RAID kwenda AHCI, ukiirudisha inawaka hapohapo, na wewe ulikuwa umeshakata bei ya kupiga windo.

Tuelewane kwenye kitu kimoja ndio tuendelee. Mnaijua stoo na daftari la stoo? Mali iko ndani, daftari linasema gunia lipi liko wapi. Diski ni hivyohivyo, kuna mafaili yenyewe na kuna faili sistimu inayoandika kila faili liko wapi. Umeme ukikata wakati stookipa yuko katikati ya kuandika, daftari linavurugika ila magunia yako palepale, hiyo ni korapsheni ya mpangilio, diski yenyewe ni nzima. Lakini kuna siku paa la stoo linaanguka lenyewe, hapo hata ukinunua daftari jipya mali inaendelea kulowa. Fundi anayepiga windo kwenye diski inayokufa amenunua daftari jipya. Itawaka, mteja atafurahi, wiki mbili tatu anarudi na hasira, na safari hii hata zile picha zilizokuwa zimebaki hazipo.

Mtu atauliza sasa ntajuaje. Kwanza sikiliza. Hadidiski ya kuzunguka ina sahani ndani, za laptopu nyingi zinazunguka mara 5400 kwa dakika, za desktopu 7200, na kile kichwa cha kusomea hakigusi sahani, kinapita juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu, hata chembe ya vumbi ni jabali kubwa pale. Ndio maana mtu anayenyanyua laptopu inawaka akaibwaga kitandani anatafuta kesi. Ukisikia tk tk tk, inanyamaza, tk tk tk tena, zima. Sijasema irestati, nimesema zima. Kichwa kimeumia na kila sekunde unayoiacha kinaweza kuwa kinachubua sahani yenye data za mtu. Hapo mwambie mteja ukweli, kama data ni za thamani ziende kwa watu wenye chumba kisafi kisicho na vumbi na vifaa, kama sio za thamani tununue diski nyingine. Usifungue kwa bisibisi kwenye meza ya chipsi, na usiiweke kwenye friza, hiyo stori naisikia mpaka leo, unyevu unaganda ndani na unamalizia kilichobaki.

Kama haigongi, iulize yenyewe. Kila diski ya miaka hii ina kitu kinaitwa SMART, yaani inajiandikia kumbukumbu za afya yake. Itoe, ichomeke kwa adapta ya USB kwenye mashine nyingine, fungua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Na hapo Windows inaweza kukurukia na kaujumbe kwamba diski hii inabidi uifomati kabla ya kuitumia, na kitufe cha kufomati kiko hapohapo kinakusubiri. Cancel! Daftari limechanika tu jamani, Windows haioni mali inadhani stoo ni tupu, na watu wamefomati picha za harusi zao kwa kukubali ile meseji.

Haya ndani ya CrystalDiskInfo usiishie kuangalia rangi, bluu Good njano Caution nyekundu Bad, hapana, shuka chini kwenye namba. 05 ni sekta, vile vipande vidogo vya diski vinavyoshika data, zilizoharibika ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake. C5 ni sekta ambazo imejaribu kuzisoma zikagoma na bado haijaamua izifanyeje, hii mi ndio naiogopa kuliko zote, manake mara nyingi pale ndio mafaili ya mteja yamekwama. C6 ni zilizoshindikana kabisa. C7 yenyewe ni makosa ya njiani, data zinaharibika zikipita kwenye kebo, kwenye desktopu badilisha kebo ya SATA kwanza kabla hujailaumu diski, nimeona watu wanauziwa diski mpya tatizo ni kebo tu. Na angalizo, ile kolamu ya mwisho kwa kawaida inaonyesha namba za heksadesimali, zinazohesabiwa kwa kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo ukiona 10 pale sio kumi, ni kumi na sita, msije mkamsomea mteja vibaya. Ukiona 05 imetulia kwenye namba ndogo na C5 ni sifuri unaweza kuishi nayo ukiifuatilia, ila ukiona C5 inapanda kati ya asubuhi na jioni hiyo diski imeshaaga.

Sasa chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kutengeneza diski. Najua mnaipenda, chkdsk /f /r, mnaiacha usiku kucha mnaenda kulala. Kwenye diski ambayo yenyewe ni nzima ila daftari limevurugika ni sawa, tena mara nyingi inatosha na huna haja ya kupiga windo kabisa. Kwenye diski inayokufa ni kuiua kwa mkono wako. Ile /r inailazimisha diski kusoma kila sekta, na ikikuta pabovu inarudia rudia palepale, wakati huo huo inaandika marekebisho juu ya diski ambayo hata kusoma inasoma kwa shida. Mafaili mengine inayakatakata inayatupa kwenye folda la found.000 yana majina ya FILE0000.CHK, kamuulize mama wa watu picha ya mwanawe ni ipi kati ya hizo. Kwa hiyo toa data kwanza, kutengeneza baadaye, na kama unaweza usitengeneze kabisa.

Data zinatokaje? Kama diski inafunguka nakili tu, na usianze na folda zima, uliza mteja nini kinamuuma zaidi, anza na hicho. Watu wanaanza na muvi! Kama haifunguki au inasitasita, hapo ndio Linux, mfumo mwingine usio Windows, inakuwa rafiki yako hata kama huipendi. Unabuti, yaani unawasha mashine, kwa flashi ya Ubuntu, ambayo ni Linux, unaweka programu ya ddrescue, ambayo yenyewe haijali faili, inavuta diski nzima sekta kwa sekta kwenda kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Uzuri wake ni akili, ikikuta pabovu haikomai, inaruka, inachukua kwanza panaposomeka, halafu ndio inarudi kwenye pabovu kidogo kidogo, na ukiipa jina la faili la ramani inaandika humo ilipofika, umeme ukikata kesho unaendelea palepale. Ila macho kwenye majina ya diski, chanzo kinatangulia na mahali pa kupeleka kinafuata, ukiyageuza unanakili diski tupu juu ya data za mtu na hapo hakuna msaada. Angalia ukubwa na siriyo namba mara mbili. Siku nzima inaweza kuisha, iache.

Halafu kazi yote inayobaki unaifanya kwenye nakala, ile ya mteja ipumzike. Programu ya TestDisk inatafuta patisheni, yaani vyumba vya diski kama C na D, zilizopotea na kulirudisha daftari, ikishindikana unaenda PhotoRec. Hiyo haisomi daftari kabisa, inapita inatafuta alama za mwanzo wa mafaili, picha ya JPEG kwa mfano inaanza na FF D8 FF, ikiona hivyo inajua hapa kuna picha inaichukua. Mafaili yanarudi ila majina hayarudi, mwambie mteja mapema.

Dada pale ameuliza vipi kama ni SSD. Swali zuri. SSD haigongi, haipigi kelele, inakufa kimya, leo nzima kesho bayosi haiioni. Na kuna TRIM, ukishafuta au ukafomati, SSD yenyewe inaambiwa hizi sehemu hazitumiki inazisafisha, kwa hiyo ile ya nimefomati kwa bahati mbaya fundi nirudishie, kwenye hadidiski kuna matumaini, kwenye SSD mara nyingi hamna. Jingine ni BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima kwa siri, laptopu nyingi mpya zimefungwa na mwenyewe hajui, diski ukiitoa ukaichomeka kwingine inataka funguo ya tarakimu 48. Iko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, sasa akaunti yenyewe alifunguliwa na muuzaji wa duka kwa imeili ambayo hakuna anayeikumbuka. Ulizeni kabla ya kugusa chochote.

Haya sasa toeni flashi. Kupiga windo kwenyewe ntapita haraka. Flashi ya GB 8 kwenda juu, tumia Media Creation Tool ya Microsoft au Rufus, programu za kutengeneza flashi ya windo, usinakili mafaili kwa mkono kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, faili la install.wim mara nyingi linazidi GB 4 na FAT32 haipokei faili kubwa hivyo, ndio pale mnaposema flashi mbovu. Chomoa diski nyingine zote kwenye mashine ibaki ile mpya tu, hutakosea patisheni kama hakuna ya kukosea. Ikikwambia diski ina jedwali la MBR, mpangilio wa zamani wa patisheni, haikubali kwa sababu mashine inabuti kwa UEFI, ile bayosi ya kisasa inayotaka mpangilio wa GPT, na diski ni mpya haina kitu, bonyeza Shift na F10, diskpart, chagua diski, clean, convert gpt, umemaliza. Kwenye laptopu za Intel kuanzia jenereshoni ya 11 unaweza kufika ukakuta diski haionekani kabisa, sio mbovu hiyo, ni VMD, kidhibiti cha diski cha Intel, weka draiva yake ya Intel RST kwenye flashi uipakie pale au uizime hiyo VMD kwenye bayosi. Weka na draiva ya wifi, manake Windows 11 inataka intaneti katikati ya safari na mashine haina wifi mnabaki mnatazamana.

Funguo ya Windows kwa mashine zilizokuja nayo tangu Windows 8 ya 2012 kwa kawaida imeandikwa ndani ya bodi, ukipiga edisheni ileile, Home kwa Home, inajiaktiveti yenyewe ikiona mtandao. Lakini fundi anampigia mteja Pro ya kraki kwenye mashine yenye Home halali! Na ile aktiveta, programu ya kuifanya kraki ionekane halali, ikitaka antivairasi izimwe kwanza wewe unazima, hapo unajua umeingiza nini kwenye mashine ambayo mtu anafanyia benki yake? Kuhusu 10 na 11 mzee wangu uliyenyoosha mkono, Windows 10 Microsoft walifunga sapoti ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, na prosesa ambazo kwa Intel kwa kawaida ni jenereshoni ya 8 kwenda mbele, sasa mashine nyingi za mitumba tulizonazo haziingii. Mi mtu wa kuandika barua na kuingia mtandaoni namwekea Linux Mint namfundisha nusu saa, wengi hawarudi kulalamika. Kuna wanaolazimisha 11 kwa Rufus, inakubali, ila Microsoft wenyewe hawakuahidi kwamba apdeti zitaendelea kuja, mwambie mteja aamue yeye.

La mwisho kabla ya vitendo, kuhusu umeme. NTFS, ile faili sistimu ya Windows, ipo tangu 1993 na ina jono, inajiandikia inachotaka kufanya ili umeme ukikata iweze kujipanga upya, watu wanadhani basi wako salama. Jono inalinda daftari, hailindi maneno uliyokuwa unaandika, ndio maana unaweza kukuta dokumenti ipo, jina lipo, ukubwa upo, ukiifungua ndani ni masifuri matupu. Desktopu bila UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikata, na kazi za watu mle ndani ni kuomba balaa. Na bakapu isiwe kwenye patisheni ya D ya diski ileile jamani, D na C ni diski moja. Wala isiwe kwenye flashi ya TB 2 uliyouziwa barabarani kwa bei ya sahani ya pilau, ile ni GB chache iliyodanganywa namba, ikijaa inaanza kuandika juu ya ulichoweka mwanzo. Ipime na H2testw kabla hujaiamini, na kwa kuwa najua humu ndani zipo, wenye nazo leteni hapa mezani tuanze na hizo wakati ddrescue inaendelea kwenye ile mashine ya kona.