Fezi Ikishafungwa: Redio Inayopangwa kwa Programu

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana, habari za asubuhi. Nawashukuru sana mafundi mliofunga vibanda vyenu mkaja. Najua Jumamosi hapa Arusha ndiyo siku wateja wanaleta simu na redio zao.

Nianze na redio ya mkulima. Nyumbani kwetu Machame babu alikuwa nayo, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kuzungusha kitufe polepole mpaka stesheni ikae. Lakini haikukaa. Betri ikichoka, au redio ikipata joto, sauti ilianza kukwaruza na mimi nikaitwa tena. Tazameni nilichokuwa nikifanya: sikio linasikia kosa, mkono unasahihisha, sikio linasikiliza tena. Saketi ninayoizungumzia leo ilichukua kazi ile ya mtoto. Mafundi mnaiona kwenye michoro kwa herufi PLL. Mimi naiita kitanzi cha kufunga fezi, na fezi ni ileile mnayoijua kwenye umeme wa fezi tatu: mawimbi mawili yakipanda na kushuka, nani yuko mbele na nani amechelewa?

Wazo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Henri de Bellescize alilichapisha mwaka 1932. Unakuwa na oskileta, yaani saketi inayotengeneza mawimbi, inayokwenda kasi lakini inayumba kwa joto na kwa volti. Pembeni unaweka kristali, kipande cha jiwe kinachotetemeka kwa mpigo wake, kilicho cha polepole ila tulivu. Kitanzi kinalinganisha fezi za hizo mbili, kinapata kosa, kinalichuja, kisha kinaivuta oskileta irudi. Dereva wa utalii anaondoka hapa alfajiri ya Julai akiwa amevaa koti zito, saa saba mchana yuko Tarangire kwenye jua na vumbi, na simu ya upepo iliyo garini bado iko kwenye chaneli ileile. Kitanzi kimefanya kazi njia nzima.

Kwa miaka mingi kosa lile lilisafiri ndani ya saketi kama volti. Pampu ndogo inasukuma chaji kwenye kapasita, yaani kihifadhi chaji, volti ya kapasita inapanda au kushuka, oskileta inafuata. Hapo ndipo palipokuja kubana. Transista, zile swichi ndogo ndani ya chipu, zilipozidi kuwa ndogo, volti za kuziendesha nazo zilipungua, zikafika kama 1.2. Ndani ya volti moja na kidogo, utapimaje maelfu ya hatua bila kelele kukuvuruga? Na kapasita ya kichujio inakula eneo kubwa la chipu, eneo ambalo lingebeba maelfu ya transista za kuhesabu.

Jibu lililonivutia mimi kuliko yote lilitoka Texas Instruments, kampuni ya chipu ya Dallas, Marekani. Robert Bogdan Staszewski na wenzake walitambua kwamba transista ndogo ni dhaifu kwa volti, lakini kwa muda ni hodari ajabu. Inawaka na kuzima kwa kasi isiyo na mfano. Basi acheni kupima volti, pimeni muda. Mwaka 2004 walionyesha redio ya Bluetooth iliyojengwa hivyo, kwenye teknolojia ya nanomita 130.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo penye utamu. Kristali ya megahezi 26 inapiga, yaani mara milioni 26 kwa sekunde. Tunataka megahezi 2,402, chaneli ya kwanza ya Bluetooth. Gawanya: kila kristali inapopiga mara moja, oskileta inapaswa kupiga mara 92.38. Sasa hesabu. Zile 92 ni rahisi, kaunta ya kawaida inazihesabu. Ile 0.38 utaipataje? Mpigo mmoja wa oskileta unachukua pikosekunde 416 hivi. Wanapanga mlolongo wa geti, yaani saketi ndogo za transista chache, kila moja ikichelewesha ishara, tuseme, kwa pikosekunde 20, kisha wanaangalia ishara imefika geti ya ngapi kristali inapopiga. Ni rula ya muda yenye alama ishirini na moja hivi. Kosa la fezi limeshakuwa namba. Na oskileta nayo haivutwi tena kwa volti moja inayoteleza: ina kapasita ndogondogo nyingi, kila moja inawashwa au kuzimwa kwa biti yake.

Kosa likishakuwa namba, kichujio ni hesabu: zidisha, jumlisha, hifadhi. Na hesabu inapangwa kwa programu. Hili ndilo lililonitoa nyumbani asubuhi hii.

Kitanzi kina mvutano wa asili. Ukikipa uharaka, kinakamata masafa, yaani idadi ya mipigo kwa sekunde, upesi, lakini kinapitisha kelele. Ukikituliza, masafa yanakuwa safi, ila kinachelewa kufika. Bluetooth inaruka chaneli mara 1,600 kwa sekunde, yaani kila mikrosekunde 625 inahama, kwa hiyo haiwezi kungoja. Zamani mhandisi alichagua mara moja, akachomelea kapasita na rezista, na redio ikaishi na uamuzi huo mpaka mwisho wake. Sasa programu inaanza na kitanzi cha haraka, ikishakamata inabadilisha namba mbili tatu, na kitanzi kinatulia hapohapo bila kupoteza fezi. Chipu ileile, kristali ileile.

Vijana wa elektroniki, nasema nanyi hasa. Kiwanda cha chipu hatuna hapa Arusha, lakini hesabu ya kitanzi tunayo. Inaingia kwenye kompyuta yoyote ya mkononi. Msikubali mtu awaambie kwamba redio ya ndani kabisa ni ya watu wa mbali.

Hapa mezani nina kipokezi kidogo cha USB. Kinapokea tu, kurusha mawimbi kunahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na tunaheshimu hilo. Stesheni ya FM inayorusha stirio hubeba ndani yake mlio wa kilohezi 19 ambao sikio halitambui. Redio hufunga fezi yake kwenye mlio huo, ikaufanya mara mbili kupata 38, ndipo inatenganisha kushoto na kulia. Programu yangu inafanya hivyo kwa mistari kama thelathini. Mstari wa kijani kwenye skrini ni kosa la fezi. Nimeweka kitanzi cha haraka: mnaona kimeshakamata, lakini mstari unatetemeka. Sasa nabadilisha namba hii moja. Sogeeni, walio nyuma pia, muuone unavyotulia.