Funika Saa Kumi na Moja, Usingoje Giza

Kamwene! Haya, kaeni. Wengine mmeshanisikia nikilalamika kuhusu nailoni za kufunikia mboga usiku wa baridi, na leo mtanisikia tena, maana kila Julai nikipita vinyungu, hizi bustani za bondeni, vya huku Njombe nakuta yale yale.

Mtu anajua fika usiku utakuwa wa baridi. Anakula, anasikiliza taarifa ya habari, ndipo saa tatu anatoka na tochi kufunika nyanya. Saa hizo unafunika nini? Baridi haimwagwi kutoka mbinguni. Joto ndilo linalotoka ardhini kwenda juu, hasa anga likiwa jeupe, halina wingu, na kufika saa tatu sehemu kubwa imeshaondoka. Blanketi halina moto, mama. Linatunza joto la aliyelala ndani. Funika saa kumi na moja jioni, udongo ungali na vuguvugu la jua. Na nailoni isiguse majani! Inapogusa ndipo panapoungua kwa baridi. Simika vijiti, tandaza juu yake, kingo zifike chini, ukandamize kwa mawe. Shuka kuukuu au viroba ni bora zaidi. Asubuhi jua likishachanganya, funua. Ukisahau hadi mchana, miche inachemka humo ndani.

"Lakini bibi shamba, si wewe uliyesema tutandaze nyasi?" Nilisema, na kwa jua la Oktoba nasema tena. Julai nyasi kavu zinaukinga udongo usiote jua, kwa hiyo usiku unakuwa hauna joto la kutoa. Zisogezeni pembeni, na mmwagilie asubuhi, kwani udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Jioni msilowanishe majani, mtakaribisha ukungu.

Halafu bondeni. Hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama. Ukipiga ua mzito upande wa chini wa bustani, umeizuia isitoke. Toboa huo ua. Nyanya, maharage na maboga panda juu, karibu na nyumba. Kule kinyunguni weka kabichi na sukuma wiki. Sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa tamu zaidi, na wa Makete hapa ni mashahidi.

Majani yaliyoungua msiyakimbilie kukata, yanakinga machipukizi; subirini baridi ipite. Samadi nilitaka kuigusa, ila mwenyekiti ananionyesha saa, na yule mama wa nyuma kanyoosha mkono muda mrefu. Sema, mama.