Uliza, Kisha Nyamaza

Walimu wenzangu, hamjambo. Mlionisikia Ahero na Maseno mtaniwia radhi, wimbo ni ule ule: ukiuliza swali, nyamaza, mpe mtoto muda wa kufikiri. Nitaacha kuuimba mkianza kuucheza.

Nianze na ugonjwa wetu. Mwalimu yuko mbele ya ubao: "Mmea hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa ju...?" Darasa zima: "Aaa!" "Tumeelewana?" "Ndiyo, mwalimuuu!" Mnacheka kwa sababu mnajijua. Mimi pia nilifundisha hivyo miaka mingi, na wakaguzi wakanisifu. Ukipita nje unasikia darasa linavuma kama mzinga. Ingia ndani: hakuna aliyefikiri. Wamemalizia silabi.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi, na mwaka 1974 akachapisha aliyoyakuta. Mwalimu akishauliza, alingoja kama sekunde moja tu, kisha akarukia mtoto mwingine au akajijibu mwenyewe. Walimu walipofunzwa kungoja sekunde tatu na zaidi, majibu yakarefuka, na watoto walioonekana wazito wa kuelewa wakaanza kusema.

Sekunde tatu! Nilidhani ni mzaha. Nikajaribu.

Ilikuwa Darasa la Sita, shule moja karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu. Ubaoni nilikuwa nimeshaandika: vitu vizito huzama, vyepesi huelea. Nikauliza: "Mbona mtumbwi mzima unaelea, na msumari uliotoka kwenye mtumbwi huo huo unazama?" Nikanyamaza. Jamani, kunyamaza ni kazi! Nilihesabu kwa kidole gumba ndani ya kiatu. Moja. Mbili. Nje mtu alikuwa anakatakata kuni. Tatu. Wale watatu wa dawati la mbele, wenye mikono isiyoshuka, wakaanza kutazamana. Nne.

Binti mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima sikuwa nimesikia sauti yake, akasema, nusu Kiswahili nusu Dholuo, kwamba sufuria nayo si mbao, lakini wakiosha vyombo ziwani inaelea, mpaka iingie maji. "Kwa hivyo, mwalimu, si uzito peke yake."

Nikageuka, nikasoma nilichoandika ubaoni. Nikakifuta. Kipindi kilichobaki kilikuwa cha beseni, vifuniko vya chupa na kelele za kubishana. Kengele ililia, na hakuna aliyekimbilia uwanjani.

Sasa najua mnachotaka kusema: "Mwalimu, silabasi haitaisha." Haya, tupige hesabu, mnaipenda. Kipindi ni dakika 35. Uliza maswali 20, ambayo ni mengi mno. Ongeza sekunde tatu kwa kila moja: 60. Dakika moja! Tunapoteza zaidi tukitafuta chaki.

"Lakini mimi nina watoto 80." Hao nawajua. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa hapa Kenya, nilifundisha wengine wamekaa dirishani. Ukiwa na 80 ndipo unahitaji kimya zaidi, kwa sababu watano wa mbele watakudanganya kuwa wote wameelewa. Ngoja, kisha waambie kila mmoja amweleze jirani yake kabla ya kukuinulia mkono. Kutakuwa na kelele, naam. Mwalimu mkuu akichungulia, mwambie aingie asikilize wanachosema.

Na viboko? Vilipigwa marufuku mwaka 2001, tusijifanye hatukusikia. Ila tumebaki na kiboko cha mdomo: "Keti chini, hata mdogo wako anajua hilo." Mtoto aliyechekwa Januari hatainua mkono tena hadi Novemba. Ukimngojea hata dakika nzima, hatasema.

Makofi nayo. "Mpigieni makofi ya kilo!" Jibu la kwanza likishapigiwa makofi, nani atathubutu kuleta la pili? Sema "hmm", muulize amejuaje, nenda kwa mwingine.

Kuhusu vikundi, ambavyo mtaala wa umilisi, yaani CBC, unavisisitiza, nilikuwa na mengi. Kwa ufupi: bila swali la maana, mmehamisha madawati tu. Maigizo na vifaa vya kuokoteza nimeviacha, muda umekwisha.

Naam, Mwenyekiti, nakuona, na chai pia nimeiona. Lakini kuna mwalimu pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani, ameinua mkono tangu nilipotaja sufuria, na mimi nimempita mara nne. Tafadhali, mwalimu, simama.