Joki aliyepewa farasi aliyekataliwa na wenzake

JUMA: Haya tunaendelea wapendwa. Dada Mwana leo kaja na jamaa wa mbio za farasi Uingereza, zile za kuruka viunzi.

MWANA: John Buckingham. Kaka, huyu hakuwa staa, alikuwa joki wa kawaida tu, mtu wa kupanda farasi yeyote atakayepewa, ukianguka unajikung'uta unaenda mbio inayofuata. Grand National ya 1967, zile mbio maarufu za viunzi pale Aintree, Liverpool, ndo ilikuwa National yake ya kwanza, na farasi mwenyewe Foinavon kapewa siku chache kabla kwa sababu wenzake walishamkataa.

JUMA: Walimkataa kwa nini?

MWANA: Hana mbio! Odi 100 kwa 1, yaani ukibeti pauni moja akishinda unapata faida ya mia. Hata kocha wake hakwenda Aintree, siku hiyo alikuwa kwenye mbio nyingine Worcester. Na Buckingham usiku wa kuamkia mbio kalala kwenye viti viwili vya sofa vilivyounganishwa, Liverpool nzima imejaa wageni.

JUMA: Duh, na kesho yake aruke viunzi 30.

MWANA: Sasa sikiliza. Wameanza farasi 44, wamefika kiunzi cha 23, kimojawapo cha vile vifupi, kimekuja baada ya Becher's Brook ambacho ndo kila mtu anakiogopa. Kuna farasi anaitwa Popham Down, alishamwangusha joki wake mapema anakimbia peke yake, akafika pale akakata kulia akawakingia wenzake, basi farasi wakagongana, wengine wakagoma kuruka, majoki wanarushwa ng'ambo bila farasi.

JUMA: Na Foinavon?

MWANA: Yuko nyuma huko! Buckingham akaliona rundo, akapunguza mwendo, akamvuta pembeni kutafuta upenyo, akaruka. Watu wanasema bahati, mi nakataa kabisa, maana waliokuwa nyuma hawakuwa ye tu, na kumrusha farasi aliyekaribia kusimama huku wenzake wanarudi wanakukabili, hiyo ni kazi ya mikono.

JUMA: Alafu wengine wakamfukuza?

MWANA: Wengi walirudi wakaruka upya. Josh Gifford, joki bingwa wa msimu ule, alikuwa juu ya Honey End, farasi aliyebetiwa kuliko wote, akaja wa pili, kaachwa urefu wa farasi 15. Tote, ule mfumo wa kubeti ambao hela za wote zinawekwa pamoja wanagawana walioshinda, ikalipa 444 kwa 1!

JUMA: Hapo maisha yakabadilika.

MWANA: Wala. Kaendelea na farasi walewale wa kawaida, 1971 akastaafu. Alafu yeye na kaka yake Tom wakawa wahudumu wa majoki, wanasafisha matandiko, wanang'arisha mabuti, wanafua suruali zenye matope, kila joki akiingia anakuta jezi ya mwenye farasi ishaandaliwa. Miaka 30 hivi, hadi 2001! Kafariki 2016. Na mimi hiyo miaka 30 ndo naipenda kuliko ushindi wenyewe, maana alijua joki anayetoka kuanguka anahitaji nini.

JUMA: Na kile kiunzi?

MWANA: 1984 kikapewa rasmi jina la Foinavon. La farasi tu. Kwa kweli na la Buckingham lingekuwepo pale.