Viatu vya Studio: Mazungumzo ya Jumamosi, Walukuba, Jinja

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, hamjambo. Asanteni mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja. Naona akina mama hapa mbele wana bahasha zao za picha mapajani. Tutazifikia.

Nianze na picha hii. Walio nyuma hawaioni vizuri, basi niwasimulie. Ni ya studio, nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1974. Nyuma yetu kuna pazia lililochorwa ngazi na maua. Tumesimama watoto wanne, mimi ni wa pili kutoka kushoto, nina miaka sita. Picha hii ilikaa ukutani kwa mama miaka na miaka. Mgeni akiuliza, nilijibu, "Ah, hapo tulikuwa wadogo." Habari ikaishia hapo.

Halafu, katika mikutano yetu hii ya Jumamosi, ambapo kila mtu huleta picha yake inayohusu mada ya wiki na kuisimulia, ikaja wiki ambayo mada yetu ilikuwa viatu. Wengine mnakumbuka, mlinung'unika: viatu ndiyo mada gani? Nikarudi nyumbani, nikaishusha picha ukutani, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kuanzia chini kwenda juu. Viatu nilivyovaa si vyangu. Ni vya studio! Mpiga picha alikuwa na sanduku chini ya meza: koti moja la mtu mzima, tai mbili, saa ya mkono iliyosimama, na jozi kadhaa za viatu vya watoto. Vile vilinizidi. Mama alichana gazeti, akalikunja, akajaza mbele ya vidole, na kila nikipiga hatua karatasi ikalia ndani ya kiatu. Sauti hiyo ilinirudia pale pale, nimeshika fremu.

Ikifika sauti, mengine huifuata. Nikakumbuka kwa nini tulipigwa picha. Baba alikuwa mtu wa reli. Mama yake alikuwa Pakwach, mahali ambapo reli ilifika mwaka 1964, na alikuwa hajatuona hata mmoja. Nakala moja ilipanda treni, mkononi mwa mwenzake baba wa kazini, impelekee bibi aone kwamba wajukuu wake wana viatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yenyewe. Baba hakuandika neno.

Hili ndilo nililokuja kulisema leo: kumbukumbu haiji kwa kuitwa jina lake. Mwambie mzee, "Tusimulie maisha yako," atakohoa, atasema walipata tabu, Mungu akawavusha, atanyamaza. Wala hakufichi. Umemwomba bahari nzima na yeye ana kikombe. Mwambie, "Wiki ijayo lete picha yenye sufuria," na utakaa naye mpaka taa ziwashwe.

Ndiyo maana mada zetu ni ndogo. Mwanzoni tulikosea. Tulitoa mada za "familia", "upendo", "furaha", na kila mtu akaleta picha ya harusi: gomesi, kanzu, keki, basi, na maneno yakawa yale yale. Sasa tunasema: mvua. Foleni. Mlango. Kitu cha kuazima. Hii ya kitu cha kuazima ilitupa jioni mbili, maana wapo watu wazima humu waliogundua kwamba koti la baba kwenye picha yake ya pekee lilikuwa la jirani, na watoto wa jirani huyo wameketi safu ya tatu.

Mada tunaitangaza wiki nzima kabla, na mimi nalitetea hilo kila mwaka. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya siku hizo saba. Mtu anafungua sanduku. Anampigia dada yake simu Mbale, "Yule mtoto aliyebebwa ni nani?" Wanabishana. Hapo Jumamosi tunapokea tu kilichoiva.

Wapo wasio na picha, na nchi hii tunajua sababu. Walikimbia vita mwaka 1979, au miaka ile iliyofuata, na mtu akikimbia anabeba mtoto na godoro. Mzee mmoja wetu, wiki ambayo mada ilikuwa sherehe, alikuja mikono mitupu. Alisema alikuwa na picha ya baba yake, mmoja wa vibarua waliojenga bwawa la Owen Falls hapa Jinja, iliyopigwa siku Malkia Elizabeth alipokuja kulifungua, mwaka 1954. Ilipotea na nyumba. Basi akachovya kidole kwenye maji ya glasi, akachora juu ya meza: hapa baba, hapa ukuta wa bwawa, hapa mtu mwenye mwavuli. Meza ikawa inakauka, na yeye anachora tena. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba picha iliyopotea nayo ina zamu yake, dakika zile zile.

Mtaniuliza, picha za watu wadogo zina kazi gani? Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, Kampala, zilipatikana negativi, yaani zile filamu zinazosafishwa kutoa picha, zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Mwaka 2019 zikafanyiwa maonyesho katika Makumbusho ya Uganda. Ni hazina, na mwenye nafasi azitafute. Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, zimetufaa kwa sababu bahasha zake ziliandikwa tarehe na habari ya picha. Pili, ni serikali inayojitazama: hotuba, mikutano, wageni. Kiatu kilichojazwa gazeti hakimo. Hicho kiko kwenu, chini ya vitanda.

Kwa hiyo andikeni nyuma. Tumieni penseli laini, msikandamize, maana kalamu ya wino huchora mpaka usoni mwa picha. Jina, mahali, mwaka hata wa kukadiria. Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu, zitoeni picha humo taratibu, gundi inazila. Za rangi za zamani zinageuka nyekundu, hizo zianzeni. Kunakili kwa simu, simama karibu na dirisha, kwenye kivuli, zima mwanga wa simu. Yanatosha.

Na kabla hujaionyesha picha yako yenye mtu mwingine ndani, muulize mtu huyo, au uwaulize wanawe. Dada mmoja alileta picha nzuri sana ya shangazi yake, akaambiwa na binamu zake kwamba shangazi hakutaka ionekane. Akairudisha kwenye bahasha. Hatukumuuliza sababu, na nilimheshimu sana.

Wiki ijayo mada ni maji. Mimi nimeshapata yangu, hii hapa, naomba izungushwe. Ni bomba la pale Walukuba, mama yangu ameinama anakinga debe. Nyuma yake kuna mwanamke kijana, ameshika kata ya majani ya ndizi mkononi, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Mama hakukumbuka jina lake, ila alisema walikuwa wakisukana kila Jumapili. Huenda ni mwaka 1969 au 1970. Akina mama wa mbele, mlikuwa hapa. Mtazameni vizuri, kanga yake ina ndege. Aliyekuwa akimjua aniambie leo, kabla ya chai, penseli ninayo.