Dongo la Mac lilimpata nani?

Haya, mnanisikia huko nyuma? Maiki hii inakata kata, nikipotea pigeni kelele. Mwalimu wenu kaniambia niongee kuhusu matangazo ya kampuni kushindana kwenye tivii, yaani huyu anakuja anasema bidhaa ya yule hamna kitu, na yule kesho yake anajibu, na mi nimeona badala ya kuwapa nadharia ambazo mnazo tayari kwenye makaratasi yenu niwape ugomvi mmoja tu, wa Apple na Microsoft, tena wala sio matangazo yenyewe maana hayo mtayaona Yutubu mkifika hosteli. Mi nataka tuwaangalie watu waliokuwa wamekaa sebuleni wanatazama, walicheka wapi, walinuna wapi.

Wale ambao mama zenu walikuwa watu wa TOT na Muungano, yale makundi ya taarabu ya miaka ya 90, watanielewa haraka. Mwimbaji anapanda stejini anaimba kuhusu jirani mwenye roho mbaya, jina hataji, lakini kuna mama anainuka na noti yake kwenda kutunza, anaenda polepoleee, na akifika mbele ya meza fulani anapunguza mwendo kabisa, noti iko juu. Huyo hajainuka kwa ajili ya sauti jamani. Kainuka kwa sababu mpasho umemfikia mbaya wake. Na yule wa kwenye meza anajua, na mashoga zake aliokuja nao wanajua, na hao mashoga ndo wateja ambao wewe mwenye bendi umewakosa usiku huo. Mnacheka, lakini shikeni hapo hapo.

Mei 2006 Apple wakaanza kampeni yao inaitwa Get a Mac, ikaenda mpaka 2009, matangazo 66 kwa Marekani peke yake. Nyuma kweupe pee, hakuna meza, hakuna pazia. Wamesimama wanaume wawili. Mmoja ni Justin Long, kijana, kavaa jinzi, mikono mfukoni, anasema hujambo, mimi ni Mac. Mwenzake ni John Hodgman, miwani, suti ya kiofisi imembana kidogo tumboni, anasema na mimi ni PC. Mac ni kompyuta ya Apple, PC ni zile zinazotumia Windows ya Microsoft. Basi, hiyo ndo kampeni. Kuna moja PC anapiga chafya hovyo, kashika tishu, anamwambia Mac kaa mbali nisije nikakuambukiza maana mwaka jana tu kulikuwa na virusi 114,000 vinavyojulikana vya PC, na Mac anajibu taratibu kabisa, vya PC, sio vya Mac. Alafu PC anaaga kwamba anahisi anakaribia kuzima, anaanguka chali kama gunia.

Mi hiyo niliiona kwenye intaneti kafe, tangazo la sekunde thelathini linafunguka kwa dakika kumi, duara linazunguka weee, tumejazana kama watu wanane kwenye kioo kimoja, na ile mashine tuliyokuwa tunaangalizia ni PC ambayo ukichomeka flashi yako mafaili yote yanageuka shotikati. Tulicheka mpaka mwenye kafe akatufuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika Mac kwa mkono wake. Lakini sikilizeni sasa, njiani tunarudi hakuna aliyekuwa anamuigiza Mac. Wote tulikuwa tunamuigiza PC, anavyopiga chafya, anavyoanguka. Yule bwana tulimpenda.

Na sio sisi tu. Hata huko kwao, kampeni haijamaliza miezi miwili, mwandishi wa matangazo wa jarida la Slate akaandika kwamba mbona matangazo haya yana roho mbaya, mbona huyu Mac anajisikia, na kwamba yule PC ndo anapendeka. Fikiria, umelipa mamilioni watu wampende mtu ambaye unataka wamkimbie!

Uingereza ikawa mbaya zaidi. Mwanzoni mwa 2007 Apple wakatengeneza toleo la kule, wakawachukua wachekeshaji wawili maarufu, David Mitchell awe PC na Robert Webb awe Mac. Sasa Waingereza walikuwa wanawajua hawa watu kutoka komedi yao ya tivii ya Peep Show, na kule Mitchell anacheza mtu mwenye wasiwasi, mpole, wa kazini, ambaye unamuonea huruma, na Webb anacheza mvivu anayejipenda anayeishi kwenye nyumba ya mwenzake. Kwa hiyo mtazamaji hakuona Mac na PC, aliona yule mvivu anamcheka yule anayelipa bili. Watu wa magazeti kule wakala nao sahani moja, hasa Charlie Brooker wa Guardian, huyo hakuwabakiza. Japani wao walishtuka mapema, kule kumsema mwenzio hadharani ni utovu wa adabu, kwa hiyo wakalainisha, PC akawa mtu wa ofisini na Mac mtu wa wikiendi, marafiki tu wanaotaniana.

Naomba niwape aibu yangu kidogo hapa. Miaka fulani nyuma niliandika tangazo la redio la duka moja la simu, duka silitaji, na nikaona nimetoa kitu kikali sana, jamaa anamcheka mwenzie bado anatumia simu ya tochi, anamuuliza na hiyo betri ni ya mkaa au ya mafuta ya taa. Tuliporekodi studio nzima ilicheka. Likarushwa Jumatatu asubuhi. Saa nne mama mdogo kanipigia kutoka kijijini, na mama mdogo hana salamu fupi, ataanza na wewe, watoto, baba yao, mbuzi, lakini siku ile hakusalimia. Akasema, "Kumbe ndivyo mnavyotuona." Akakata. Akakata na simu yake ya tochi, ambayo mimi ndiye niliyemnunulia. Mwenye duka yeye alikuja kuniuliza baada ya wiki mbili kwa nini watu wa kununua chaja wamepungua, maana kumbe nusu ya mapato yake yalikuwa chaja za zile simu za tochi. Mi sikuwa nimelenga mteja, nililenga simu. Lakini simu haina masikio.

Apple walitakiwa walijue hili kabla hata nyie hamjazaliwa. Lile tangazo lao maarufu la 1984, lile la Ridley Scott, dada anakimbia na nyundo anaivunja skrini kubwa, lilirushwa kwenye Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, Januari 22 na kila mtu anajua habari yake. Pale mtazamaji alijiona ni yule dada. Hakuna aliyejiona ni wale vipara waliokaa kwenye benchi wanaitazama ile skrini, ingawa ukihesabu vizuri wao ndo walikuwa wengi. Sasa mwaka uliofuata, Super Bowl ya Januari 1985, wakarudi na jingine, la kuuza vifaa vya Macintosh vya ofisini. Watu wa suti wamefungwa vitambaa machoni, mkono wa huyu kwenye bega la huyu, wanaandamana wanadondoka kwenye korongo mmoja mmoja. Wa mwisho anafunua kitambaa, anastuka. Na lile tangazo linauzwa kwa nani? Kwa watu wa suti! Kwa bosi wa ofisi ambaye ndiye atakayesaini hundi ya kompyuta, wewe unamwambia aliyenunua IBM, kompyuta za mshindani wao, ni kipofu anayejiua, na jana yake tu kanunua IBM. Uwanjani lilipoonyeshwa kwenye skrini watu walikaa kimya. Baada ya hapo Apple walikaa miaka mingi bila kurudi Super Bowl.

Hapana subiri, nisiwe naionea Apple. Kuna madongo yalipenya vizuri sana na mnatakiwa mjue kwa nini. Windows Vista, toleo jipya la Microsoft wakati ule, ilitoka Januari 2007, na ilikuwa na tabia ukibonyeza kitu inakuuliza una uhakika, ruhusu au futa, ukibonyeza kingine inakuuliza tena. Apple wakatoa tangazo PC kaja na mlinzi, jitu la suti nyeusi na miwani nyeusi linasimama nyuma yake. PC akimsalimia Mac, jitu linaingilia, Mac ametoa salamu, futa au ruhusu? Akijibu, unamjibu Mac, futa au ruhusu? Mpaka PC anachoka. Hilo waliocheka zaidi ni wenye Vista wenyewe! Kwa sababu halikuwasema wao, lilikisema kitu kinachowakera kila siku, ni kama mtu kakusemea kwa mwenye nyumba. Mnaona tofauti? Mtu yule yule, kompyuta ile ile, tangazo moja linamfanya ajione zuzu na jingine linamfanya ajione kapata mtetezi.

Microsoft walikaa kimya muda mrefu sana, na walipoamua kujibu mwaka 2008 walikuja na kampeni iliyotajwa kuwa ya dola milioni 300. Septemba wakamtoa Bill Gates mwenyewe na mchekeshaji Jerry Seinfeld, wako duka la viatu vya bei chee, Seinfeld anamsaidia kujaribu kiatu, wanakula vitumbua vya Kihispania, mwisho Gates anatikisa makalio. Nimemaliza. Hapo hakuna Vista, hakuna kompyuta, hakuna chochote. Watu walibaki wanatazamana. Mi binafsi naomba radhi, nililipenda, lakini nakubali nilikuwa peke yangu. Yalitoka mawili tu yakapumzishwa.

Alafu ndo wakapata akili. Wiki hiyo hiyo likatoka jingine, anasimama mfanyakazi wao anayefanana na Hodgman, kavaa vile vile, anasema mimi ni PC, na nimegeuzwa katuni. Kisha zinapita sura za watu wa kila aina, kila mmoja anasema mimi ni PC, mimi ni PC. Yaani hawakubishana kuhusu virusi hata kidogo. Walichofanya ni kumshika mkono yule wa kwenye meza ya taarabu wakamwambia shoga inuka, sio peke yako. Bahati mbaya haikupita siku nyingi wajuzi wakachungulia taarifa za ndani za picha za kampeni hiyo zilizokuwa kwenye tovuti, wakakuta zimetengenezwa kwa Mac. Dunia nzima ikacheka, na Oktoba Apple wakaongeza lao, PC kakaa na marundo ya pesa anagawa, rundo kubwa la matangazo, rundo dogo la kurekebisha Vista.

Lakini lililouma ni la Machi 2009. Kumbukeni mwaka ule, uchumi umeporomoka, watu wanapoteza kazi na nyumba. Binti mmoja anaitwa Lauren anaambiwa, ukipata laptopu ya kioo cha inchi 17 chini ya dola 1,000, tunakulipia, ni yako. Anaingia duka la Apple, anatoka. Kwa bei hiyo kuna ya inchi 13 tu. Yuko kwenye gari lake anaendesha, anasema kama anajisemea, nadhani mimi sio mjanja wa kutosha kuwa mtu wa Mac. Anaenda duka jingine anatoka na HP ya 699.99, anaruka ruka kwenye maegesho.

Ile sentensi ya kwenye gari irudieni mkifika nyumbani. Hamna tusi hata moja ndani yake. Kajitukana mwenyewe, na kila aliyekuwa na kioo cha bei nafuu mapajani akasema huyu ni mimi. Wenye Mac ndo walikasirika safari hii! Wakachimba, wakagundua binti ni mwigizaji mwenye kadi ya chama cha waigizaji, wakashangilia kama wamekamata mwizi, na waliokuwa wanahesabu mshahara wao haikuwasumbua, mwigizaji naye si anapanga bajeti jamani. Julai mwaka huo bosi mmoja wa Microsoft, Kevin Turner, alisimulia mbele ya washirika wao kwamba wanasheria wa Apple wamempigia wakimtaka asimamishe yale matangazo kwa sababu wameshashusha bei, na yeye akasema hiyo ndo simu tamu kuliko zote alizowahi kupokea kwenye biashara. Ukiona mwenye mpasho anampigia mwenzie simu usiku, ujue umeingia.

Kijana wa hapa mbele, wewe wa shati la bluu, usiifunge. Nimeiona. Laptopu ni HP, na juu ya nembo kabandika stika ya tufaha. Simcheki jamani, acheni! Nimefurahi kweli, maana ugomvi wa miaka yote hii kaumaliza, huyu kanunua kwa hesabu za Lauren na kajivalisha jinzi za Justin Long, kachukua vyote viwili bila kugombana na mtu.

La mwisho, alafu maswali. Novemba 2020 Apple walipotoa kompyuta zenye chipu yao wenyewe ya M1, mwisho wa shughuli akatokea nani? Hodgman, suti ile ile, PC kazeeka kidogo. Hakutokea Mac. Waliyemrudisha ni yule waliyemcheka miaka mitatu, kwa sababu ndiye aliyebaki kwenye mioyo ya watu. Na Machi 2021 Intel, watengeneza chipu ambao Apple walikuwa wanawaacha, wakamkodi Justin Long. Anasimama mbele ya ukuta ule ule mweupe, anaanza hujambo, mimi ni... anasita, anamalizia "Justin". Akaanza kuzisifia PC. Msanii kahama bendi na nyimbo zake! Nilimuonyesha mdogo wangu, ambaye mwaka 2006 alikuwa ananyonya, akaangalia mpaka mwisho akaniuliza huyu ni nani na kwa nini hayupo yule mwingine mwenye miwani.

Haya, nani anaanza? Fupi fupi, ukumbi una wenyewe saa kumi.